Bakuli Lililorudi Alhamisi

Tulikuwepo watu watano, na nawataja kwanza ili asije mtu akadhani nilikuwa peke yangu na usingizi wangu. Alikuwepo mdogo wangu Saumu, msichana wa miaka kumi na minne. Alikuwepo Pili, kitinda mimba wetu, wa miaka sita. Alikuwepo Mjomba Issa, kaka wa marehemu mama, aliyekuja kutoka Mtwara kwa kivuko cha Namoto. Alikuwepo Bi Rehema, jirani yetu anayeuza vocha za simu. Na mimi, mpishi. Wote wako hai, na wote wako hapahapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, isipokuwa Mjomba. Waulize mmojammoja, watakuambia hayahaya. Pili ataongeza chumvi kidogo, lakini yule ni mtoto.

Mimi ndiye kaka yao mkubwa. Baba alitutoka zamani, na mama akamfuata mwaka mmoja baada ya zile siku za kukimbia vita. Niliacha shule darasa la saba nikashika mwiko. Ndiyo, mwiko. Mama alipougua alikuwa anakaa kwenye mkeka ananiamuru kwa sauti ndogo: ongeza tui, punguza moto, usikoroge hovyo. Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Leo nauza wali wa nazi na matapa, yale majani ya mhogo yaliyotwangwa yakapikwa na karanga na kamba wadogo. Vijana wa pikipiki wananiita Mama Pili. Nimezoea. Wanakula, wanalipa, waseme wapendavyo.

Mjomba Issa ndiye ambaye hakuzoea. Alifika Jumanne na mfuko mmoja, na Jumatano asubuhi akaniambia alichokuja kukifanya. Alitaka kumchukua Pili akakae kwake Mtwara. Alisema si kwa ubaya, na naamini hakuwa na ubaya. Alikuwa ameona kwa macho yake chungu kinalala na wali siku mbili mfululizo, nasi tunakula kiporo asubuhi, mchana na usiku.

"Na zaidi," akasema, "mwanamume wa jikoni atamfundisha nini mtoto wa kike?"

"Kupika, Mjomba," Saumu akajibu, wala hakuinua uso kwenye simu yake.

Mjomba alicheka, lakini hakuacha neno lake. Tulibishana mpaka adhuhuri. Nilimwambia kwamba nilimwahidi mama hatutagawanywa kama vyombo vya msiba. Mwisho tukakubaliana hivi: Alhamisi nipike chungu kikubwa. Kikiisha kabla ya adhana ya Magharibi, Pili anabaki, na Mjomba hatalitaja tena jambo hilo. Kikilala na wali, Ijumaa baada ya sala mtoto anavuka naye.

Sasa nikueleze tunavyouza. Biashara yetu iko kwenye simu ya Saumu. Yeye hupiga picha sahani ikiwa bado inatoa moshi, anaiweka kwenye status ya WhatsApp na kwenye ukurasa wetu wa Facebook, kisha chini anaandika maneno mafupi yenye ile alama ya vijiti vinne, ambayo wengine huiita alama ya reli. Anasema neno likiwa refu watu hawalishiki, na ofa ikiwa haina mwisho watu husema kesho. Kwa hiyo ile Alhamisi aliandika mawili tu: #SahaniMbili na #MpakaMagharibi. Maana yake, ukinunua moja unapewa ya pili, na jua likizama ofa imekufa.

Mjomba aliitazama ile simu kwa mbali, kama mtu anavyotazama dawa asiyoijua. "Na hizo reli zinakwenda wapi?"

"Kwa watu," akasema Saumu.

Bi Rehema ndiye pekee aliyesita. Aliniita pembeni akaniuliza kama katika saa zote za Mungu nimeikosa nyingine. Unajua huku kwetu, Alhamisi jua likielekea kuzama, wazee husema marehemu hupewa ruhusa kutazama milango ya nyumba zao. Ndiyo saa ya kuchoma ubani na kumpa mpita njia kitu kidogo kwa ajili yao. Wewe unaifanya saa ya kuuza, akaniambia, na unaita watu hujui unamwita nani. Nilimjibu kwamba saa si yangu, ni ya Mjomba. Nilikuwa na haraka. Nazi zilikuwa hazijakunwa.

Saumu aliituma ile picha baada ya adhuhuri. Na hapohapo rede ikakatika.

Unajua mtandao wetu. Ukikatika, unaweza kukatika nusu saa, unaweza kukatika siku mbili. Saumu aliinua simu juu, akapanda kwenye benchi, akazunguka nyumba. Picha ilikuwa na kisaa kidogo pembeni, maana yake bado haijatoka. Saa tisa ikafika. Walikuwa wamekula mafundi wawili tu, wateja wa kila siku. Chungu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Mjomba alikaa kwenye benchi la wateja, kofia magotini, anakitazama chungu. Heri angesema.

Baada ya sala ya Alasiri, Bi Rehema alimchukua Saumu wakapanda mlimani kuelekea mnara, wakatafute rede huko. Nikabaki na Mjomba na Pili.

Ndipo akaja yule mama.

Sikumwona anatoka wapi. Niligeuka kufunika chungu, nilipogeuka tena alikuwa amesimama mbele ya meza. Mama mtu mzima, mwembamba, kapulana, ile kanga ya huku kwetu, ya njano kiunoni na nyingine ya njano kichwani, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka kwenye magoti. Nalikumbuka vumbi hilo kwa sababu hapa kwetu ni mchanga mweupe. Vumbi la namna ile linatoka bara. Alitoa salamu, Mjomba akaitikia. Sikiliza hapo: Mjomba aliitikia. Sikuitikia mimi peke yangu.

Mkononi alikuwa na bakuli la bati lenye maua ya buluu. Akaliweka mezani kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Nikafanya kosa ambalo mpaka leo linanichoma. Mteja akija na chombo chake, mimi najua anataka kubeba. Nikalivuta lile bakuli kwa mkono mmoja nikaanza kusema maneno yangu ya biashara: sahani mbili kwa bei ya moja, mama, mpaka Magharibi.

"Nimesikia mnaita," akasema. "Ndiyo maana nimekuja leo. Nilikuwa nimechelewa sana."

Nikamwambia hajachelewa, jua bado. Akatabasamu. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulielewa.

"Limekuja tupu, mwanangu. Unisamehe. Nilipo hakuna jiko."

Nilidhani ni mkimbizi mwenzetu, na kwamba anaona haya kuomba. Kwani wangapi tumewaona hivyo? Na sisi wenyewe, hatukuwa hivyo? Nikajaza lile bakuli wali na matapa mpaka juu, nikamsogezea, nikamwambia leo hakuna kulipa. Sikufikiri habari ya chungu wala habari ya Mjomba. Mkono ulikwenda wenyewe. Yeye akalisukuma taratibu upande wangu.

"Hili ni la kwenu," akasema. "Wape watoto."

Pili alikuwa amekwisha kumsogelea, yeye ambaye hata Bi Rehema humkimbia akitaka kumsuka. Yule mama aliinama akamshika kisigino, kisigino tu, akamwambia: "Hii miguu ilikuwa inaning'inia mgongoni kwa mama yako. Kiatu kimoja kilikuwa kimeanguka."

Nikasema moyoni, kumbe anamfahamu mama. Nilitaka kumuuliza jina, lakini akawahi yeye kuniuliza. Watu wako wapi, na chungu kimejaa hivi? Nikamweleza kwamba rede imekatika, tangazo halikutoka. Sikumwambia habari ya Mjomba. Mjomba alikuwa palepale, ningesemaje? Lakini alimtazama Mjomba, akamtazama Pili, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa yote.

"Basi nitakwenda kuwaita," akasema.

Akaondoka kuelekea sokoni. Mjomba alimtazama mpaka kwenye kona, akaniambia, mama huyu anatembea vizuri kwa mtu mwenye miguu iliyovimba namna ile. Mimi sikuwa nimeona uvimbe. Yeye aliuona.

Sijui kama ulipita muda wa kuchemsha chai. Wakaanza kuja.

Kwanza vijana wa pikipiki, sita. "Mama Pili, tumeambiwa wali unakwisha, na wewe unatuficha?" Kisha wajenzi, bado wana saruji mikononi. Kisha wanawake kutoka kisimani na ndoo zao. Mwalimu mmoja akaja na wenzake wawili, akasema amekaa barazani kwake, mama wa kapulana ya njano amepita akamwambia: sahani mbili, mpaka Magharibi. Nikawa napakua tu. Saumu na Bi Rehema wakarudi wakakuta foleni imefika kwa jirani. Saumu akanong'ona, "Kaka, picha haijatoka. Hawa wameona wapi?"

Bi Rehema ndiye aliyeanza kuwauliza, maana yeye hawezi kuacha kuuliza. Wa pikipiki walikuwa kituoni kwao, upande wa barabara kuu. Wajenzi walikuwa ng'ambo ya mji. Mwalimu anakaa karibu na pwani. Kuwapitia wote hao kwa miguu ni mwendo wa saa nzima. Wote wakasema alipita mara tu watu walipotoka msikitini baada ya Alasiri. Na wakati huo, msomaji, yule mama alikuwa mbele yangu, amemshika Pili kisigino. Niambie wewe, nani anaweza kuwa mahali pane?

Chungu kiliisha. Niliukwangua ukoko mbele ya macho ya Mjomba, na mwanga bado upo kwenye makuti.

Pili na Saumu walikula kwenye lile bakuli kama walivyoagizwa. Walipomaliza, Bi Rehema akalichukua alioshe, akaligeuza. Chini ya bakuli kulikuwa na alama ya rangi ya kucha, mistari miwili na nukta. Huku wanawake hutia alama vyombo vyao visipotee kwenye shughuli. Ile ilikuwa alama ya mama.

Mjomba alilishika akaketi. Alisema mabakuli yale aliyanunua mwenyewe, sita, zawadi ya harusi ya dada yake. Matano yaliungua na nyumba yetu. Mimi la sita sikuwahi kujua lilikokwenda.

Bi Rehema alijua. Siku ya kukimbia tulitawanyika: mimi na Saumu tulipita njia ya Namoto, mama alipita njia ya Pundanhar, ile ya bara, na Pili mgongoni, pamoja na Bi Rehema. Njiani walimkuta mama mmoja yuko peke yake, miguu imevimba, hawezi tena. Jina lake Somoe. Mama alikuwa na uji wa mwisho katika bakuli. Akampa, na bakuli akamwachia, akamwambia utanirudishia tukifika. Huyo Somoe akajibu kama mwanamke yeyote wa kwetu angejibu: nitalirudisha, na halitarudi tupu. Maana chombo cha jirani hakirudi tupu, hata kama utatia chumvi.

Hakufika. Walilala naye palepale, na asubuhi walimkuta amekwisha kupoa. Wakamchimbia kwa mikono na kwa vijiti, chini ya mikorosho, wakamfunika na kapulana yake ya njano. Bakuli wakaliweka kichwani pa kaburi, kwa sababu hawakuwa na jiwe.

"Nililiweka mimi," Bi Rehema akasema. "Kwa mikono yangu hii."

Adhana ikaanza. Mjomba alisimama akatawadhe, na alipopita kwa Pili akamwekea mkono kichwani. Ijumaa alivuka peke yake. Aliniambia tu nimpigie simu mtoto akikosa kitu, na kwamba matapa yangu yana karanga nyingi kuliko ya dada yake.

Rede ilirudi Jumamosi. Saumu alinionyesha: ile picha ilikuwa na kisaa chake pembeni. Haikuwahi kutoka.

Basi wewe unayeuza kwa simu, uza. Mimi bado nauza, na Saumu bado ananipunguzia maneno. Lakini ukiita watu, jua kwamba mwito hauchagui wa kuusikia. Alhamisi tenga sahani moja kabla hujapakua ya biashara. Na mtu akikuletea chombo, kipokee kwa mikono miwili, ukigeuze kwanza utazame kina alama ya nani.

Kila Alhamisi tunampa mpita njia sahani kwa jina la Somoe. Lakini hilo halitoshi, nalijua. Deni lake kwetu amelilipa, na zaidi ya kulilipa. Letu bado. Kaburi lile halijasomewa hitima, na hakuna ndugu yake tunayemjua. Bi Rehema anasema ni mikorosho mitatu, wa katikati umeinama, upande wa kulia ukitoka huku. Ni yeye tu anayepajua, na magoti yake siku hizi hayampandishi hata mlimani kwenye mnara. Madereva niliowauliza wote wanasema barabara ile ya Pundanhar hawaendi kwa hofu, au wanaenda na hawasimami.

Nimewauliza watatu. Wiki hii namuuliza wa nne.