Baba Mkwe Alivyonasa kwenye Ndoano Yangu

Mwaka jana nilikuwa samaki.

Usicheke kwanza. Nilikuwa samaki wa kuajiriwa, tena hapa hapa Arusha, ambako bahari wengi wetu tunaiona kwenye kalenda.

Jina langu Calvin, mzaliwa wa Kikwe. Mwajiri wangu alikuwa chalii mmoja wa Elerai, anaitwa Shamsudin. Alikuwa amepata mchongo kwenye hoteli ya kisiwani: kuwapeleka wageni kuvua samaki wakubwa aina ya kolekole kwenye maji ya magotini. Siyo kwa wavu. Ni fimbo ndefu, kamba nene, na mdudu wa bandia wa manyoya ya jogoo.

"Kolekole akinasa anatoka nduki," aliniambia. "Ukikosea tu, fimbo imevunjika. Kabla sijaenda lazima nifanye mazoezi na kitu kizito chenye nguvu."

Akaniangalia kuanzia juu hadi chini. Kazi nikaipata palepale.

Tulikuwa tunaenda Terrat, kwenye uwanda wa malisho. Ananifunga kamba kwenye mkanda wa suruali, mimi natoka mbio, yeye anahangaika nami. Nikichoka ananivuta, ananishika kifundo cha mguu, tunapiga picha. Kisha ananiambia, "Nenda baba, ukakue." Maana samaki hao, wageni hawawali, wanawaachia.

Lerionka, anayechunga ng'ombe pale, mwanzo alicheka mpaka akakaa chini. Baadaye akazoea.

Sasa balaa lilianzia kwa Tabea.

Tabea ni binti wa Mzee Dismasi, mkulima wa kahawa kule juu mlimani. Nilimpenda mpaka nikawa nasahau kula, na kwa mwili huu ujue hilo si jambo dogo. Nikatuma washenga. Baba yangu mdogo, Nelson, akafungua mdomo wake mtamu:

"Kijana wetu yuko kwenye sekta ya uvuvi."

Mzee Dismasi akaweka kikombe chini. "Uvuvi. Arusha. Bahari gani hiyo?"

Washenga wakaanza kuangalia dari.

"Basi Alhamisi nitakwenda kuiona kazi yake kwa macho yangu," mzee akasema. "Nikirudi ndipo nitajibu."

Tabea akanipigia simu analia. "Calvin, baba akishasema hapana, hata askofu hamgeuzi."

Nikamfuata Shamsudin. "Oya, siku hiyo tubadilishane. Mimi mvuvi, wewe samaki. Baba mkwe hawezi kunikuta nimefungwa kamba!"

Akakubali. Ila mimi nikaharibu kwa kupenda sifa. Mdudu wetu wa mazoezi ya kurusha kamba tulikuwa tumemkata ndoano, amebaki manyoya tu, tena yamechakaa. Nikamwonea aibu. Nikafungua kiboksi cha Shamsudin, nikachagua mkubwa kuliko wote, mwekundu, ndoano yake kubwa kama kidole changu, nikamfunga kwenye kamba.

Siku ilipofika, mzee akatokea nyuma yetu na koti lake zito la kanisani, jua la saa sita linachoma. Akaanzia kwa Lerionka.

"Hawa wanafanya nini?"

"Yule mnene ni samaki," Lerionka akajibu. "Wanamkamata, wanampiga picha, wanamwachia. Leo sijui kwa nini kashika fimbo."

Nilisikia kila neno. Nikaona dawa ni kuonyesha ufundi. Kabla hata sijamfunga Shamsudin, nikarusha kamba nyuma kwa madaha, ili niitupe mbele.

Haikuja.

Nikaivuta kwa nguvu. Nikasikia, "Yesu wangu!"

Ndoano ilikuwa imezama kwenye koti la Mzee Dismasi. Na mzee, alipohisi kitu kinamvuta asichokiona, akatoka mbio.

Jamani, yule mzee ana mbio! Miaka yote ya kupandisha mikungu ya ndizi mlimani ilikuwa kwenye miguu ile. Gurudumu la kamba kwenye fimbo likalia, kamba inaisha tu.

"Mpe kamba!" Shamsudin akapiga kelele. "Usimkaze, atakata!"

"Ni baba mkwe!"

"Hata kama! Akigeuka, vuta!"

Ningefanyaje? Nikikaza, koti linachanika na ndoa inachanika nalo. Nikiachia fimbo, inamfuata kumgonga kisogoni. Nikawa nampa akikimbia, namvuta akipumzika. Ng'ombe wakaacha kula wakatuangalia. Mzee akazunguka mgunga, akarudi, mwishowe akaja mwenyewe taratibu huku anahema. Nikapiga magoti na, kwa mazoea ya kazi, nikamshika kifundo cha mguu.

Shamsudin akapiga picha. Haki ya Mungu sikumtuma.

"Shikamoo, baba," nikasema, mguu bado ninao.

"Marahaba. Nitoe."

Nikachomoa ndoano. Moyoni nilishamuaga Tabea. Machozi yalinitoka, sifichi.

Shamsudin, ambaye kunyamaza hajafundishwa, akauliza: "Samahani mzee, kwa nini hukuvua tu koti ukaliacha?"

Mzee akamkazia macho. "Una wazimu? Ndani nina fulana imetoboka. Nivue koti mbele ya mkwe wangu?"

"Mkwe?" nikauliza.

Mzee mwenyewe akashtuka. Lakini neno lilishatoka, tena mbele ya mashahidi, na yeye ni mzee wa kanisa. Akajikung'uta vumbi.

"Washenga waje Jumapili. Na walete beberu wa maana." Akapiga hatua, akasimama, akamgeukia Shamsudin. "Wewe. Kati yangu na huyu, nani alikimbia vizuri?"

"Mzee, wewe ndiye kolekole mwenyewe!"

Tukafunga ndoa. Ila kazi niliipoteza wiki ileile ya zile mbio. Mpaka Shamsudin anaondoka kwenda kisiwani, kila Alhamisi baba mkwe alishuka Terrat kuwa samaki, koti lake mwilini. Ile picha ipo sebuleni kwake. Mama mkwe kaambiwa nilikuwa namfunga kamba za viatu.

Wadogo zangu, kazi yako ikiwa halali usimfiche mkwe. Ila ukishamwonyesha ikalie macho, anaweza kuipenda kuliko wewe.

Na wewe mzee mwenye binti, kila unapotoka nyumbani vaa fulana nzima. Hujui ni siku gani utapata mkwe.