Kufuli la Kaka

Kaka yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni. Jumanne asubuhi alianza kutengeneza pipa kubwa la kuchanganyia. Alizima swichi kuu, akaipiga kufuli lake, akatundika kibao: "Usiwashe." Kisha kifua kikambana. Mchana Mungu alimchukua, ufunguo ukiwa mfukoni mwake.

Kazini walimwita Bwana Kufuli. "Huyu hata kikombe cha chai anakipiga kufuli," walimtania. Naye alicheka, lakini kufuli hakumwachia mtu.

Siku ya pili baada ya mazishi msimamizi wake alikuja nyumbani. Tangu alfajiri nilikuwa sikai: nimefagia ua mara tatu, nimefungua kitabu cha sala nikakifunga bila kusoma.

"Pole, dada. Tunaomba ule ufunguo."

"Si mngekata tu?"

"Mafundi wamegoma. Wanasema kufuli la marehemu halikatwi kama la mwizi."

Wifi yangu, mjane wake, akanitilia ufunguo kiganjani. "Nenda wewe, wifi. Hapa utatoboa sakafu kwa kutembea."

Kiwandani mafundi walikuwa wamejipanga mbele ya swichi kuu. Nikaingiza ufunguo, mkono ukagoma kuuzungusha. Nilikumbuka kaka alivyokuwa akituambia mezani: hafungui mpaka awaone wenzake wote, uso kwa uso.

"Leo mpo wangapi kwenye pipa hili?" niliuliza.

"Sita," alijibu fundi umeme.

"Naona watano."

Msimamizi akatazama saa. "Wa sita yuko chai. Dada, kazi imelala siku nne."

"Basi dakika tano hazitawaua. Mwiteni."

Walimwita kantini, hayupo. Walimwita chooni, hayupo. Nikawa namtaja Mungu chini chini. Fundi umeme akainama kwenye mdomo wa pipa, akapaza sauti.

"Nini tena?" sauti ikajibu kutoka ndani.

Akatoka mzee wa usafi, kikwangulio mkononi, nywele nyeupe kwa sabuni. Alikuwa akikwangua mapanga ya kuchanganyia.

"Mbona mmenikodolea macho? Kufuli si lipo?"

Msimamizi aliketi juu ya ndoo.

Nilichomoa ufunguo, kufuli likabaki limefungwa. "Lipo, baba," nilimwambia, "lakini ni la kaka, na leo linaondoka. Kama hujamaliza, lete lako ulifunge hapa kwanza."

Akaenda kulitafuta. Nilimsubiri nimesimama.