Gari Lililoshindwa Kufuata Wenzake

Nakumbuka, mwanangu, Jumapili moja ya ujana wangu, ugenini kwenye baridi, nimekaa mbele ya skrini naangalia gari letu la mbio likiongoza. Mbele yake, chini karibu na lami, lilikuwa na bawa, na bawa lile nililichora mimi, msichana wa kijiji cha Vitongoji. Usidhani ni la kurukia. Upepo ukilipitia hulikandamiza gari chini, tairi zikashika barabara, dereva akaingia kona kwa kasi bila kuteleza. Kwa miezi nilijifungia katika chumba cha kupulizia upepo na kigari cha mfano, na kila nilipokijaribu kilifanya vizuri. Hata chakula nilikula humo humo, nimesimama.

Basi gari likaingia kubadilishwa tairi, likatoka nyuma ya wenzake. Upepo unaoachwa na gari lililo mbele huwa umevurugika, na bawa langu halikuuweza. Kila kona pua ya gari ilikataa kugeuka. Tukapitwa, tukapitwa tena.

Dereva alivua kofia akaniambia kwa upole, "Likiwa peke yake halikamatiki. Likimfuata mwenzake, nashika usukani bure."

Hakuna aliyenigombeza. Kila mtu alikwenda zake, nami nikaenda zangu. Nikampigia simu shangazi yangu, Bi Mize, aliyenilea. Alinisikiliza habari za bawa mpaka mwisho, maskini, kisha akauliza:

"Umekula?"

"Nimekula, shangazi."

"Na nani?"

Nikaanza tena habari za bawa.

"We Riziki, nakuuliza. Huko wala na nani?"

"Peke yangu."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Kesho usile mpaka upate mtu wa kukaa naye. Hilo bawa utalitengeneza. Wewe ukiharibika, nani atakutengeneza?"

Kesho yake nilibeba sahani yangu mpaka meza ya mafundi wa tairi. Wakanisogezea kiti. Tulizungumza habari za watoto wao, za mvua, mwisho tukafika kwenye bawa. Tulilichora upya pamoja. Gari likiwa peke yake lilipungua kasi kidogo, lakini nyuma ya wenzake lilitulia, na kabla msimu haujaisha dereva wetu alipanda jukwaa la washindi.

Nilikawia mno kule. Niliporudi, Bi Mize alikuwa keshazikwa. Mbio bado naziangalia kwenye simu, humu nyumbani mwake. Gari likimpita mwenzake konani, nageuka nimwambie mtu, na chumba ni kitupu.

Sasa wewe unaondoka kusomea uhandisi. Soma, mwanangu, ushindane na ushinde. Lakini usiizoee meza ya mtu mmoja, kwani upweke ukishauzoea hauumi tena, nao unaendelea kukula. Piga simu nyumbani hata kama huna habari. Na urudi mapema, ungali na wa kukupokea.

Mwenyezi Mungu akutangulie, akupe elimu yenye manufaa na watu wema wa kukaa nao, akurudishe kwetu salama. Amin.