Mhusika

Marashi ya mkurugenzi yalikuwa yanatangulia. Kabla mwenyewe hajafika mlangoni, Dada Waya ameshaziba pua kwa kiganja, anajifanya anakuna mdomo. Hospitali nzima ilimwita Bwana Marashi, kwa siri lakini, maana bwana yule alikuwa na masikio kila korido.

Dada Waya alikuwa fundi wa mtandao pale. Jina alilipata kwa kupanda ngazi na koili ya waya begani hata alipokuwa na mimba ya miezi minane, mpaka mkunga mkuu wa wodi ya wazazi akamshusha kwa ukali: "Wewe mwanangu, unataka kuzalia juu ya dari?" Mkunga huyo huyo ndiye aliyempokelea mtoto. Tangu siku hiyo Dada Waya alimwita mama, na hakuwa anatania.

Sasa, kwenye tovuti ya hospitali kulikuwa na ukurasa wa maoni. Mtu asiyejitaja akaanza kuandika humo kwamba choo cha wodi ya wazazi kimeziba, maji machafu yanatambaa mpaka chini ya vitanda, na wanawake waliojifungua jana wanakanyaga uchafu huo peku. Aliandika leo, akaandika tena wiki iliyofuata, bila matusi, bila kutia chumvi. Mtu mwenye haya angepeleka fundi bomba. Bwana Marashi alikwenda kwa fundi wa mtandao.

"Nataka nimjue huyo mtu," alisema, ameegemea meza ya Dada Waya, marashi yanamwagika. "Namba zake si mnazo?"

Namba zilikuwepo. Kila anayeandika kwenye tovuti huacha anwani ya mtandao aliotumia, zile tarakimu zenye nukta katikati. Na Dada Waya alikuwa ametengeneza programu ndogo ya kuzifuatilia, kwa ajili ya wahuni wanaojaribu kuvunja mifumo. Unaipa anwani, yenyewe inakwenda kuuliza kwenye hazina ya usajili wa mitandao kupitia ile njia ya programu kuulizana na programu, ambayo mafundi wanaiita API, kisha inakurudishia: mtandao huu ni wa shirika gani, uko nchi gani, na mtu wa kupigiwa simu pakitokea matata ni nani. Huyo wa mwisho, Dada Waya alipokuwa anaziweka safu kwa Kiswahili, alimwandika "Mhusika". Neno la ofisini, la kawaida tu. Nani angefikiria?

Akaziingiza anwani za yule mlalamikaji. Zote zikarudi na jina la chuo cha ualimu kilichoko jirani. Mhusika: mume wa mkunga. Babu wa watu ndiye aliyekuwa anatunza kompyuta za chuo miaka yote hiyo.

Bwana Marashi akaisoma karatasi, akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. "Mhusika huyu hapa! Mume anaandika, mke anamletea habari. Nyumba moja hiyo."

"Hapana bosi, ngoja nikueleze. Huyo ni mtu wa kupigiwa simu tu. Mtandao ni wa chuo kizima. Walimu, wanafunzi, wapishi, hata mgeni aliyekwenda kumsalimia nduguye, wote wanatoka na anwani hizo hizo."

"Nimekuelewa," alisema Bwana Marashi, na hapo ndipo palipomtia Dada Waya kinyaa, maana alikuwa ameelewa kweli. Ilionekana machoni. Alielewa vizuri kabisa, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Lakini swali lilikuwa mhusika ni nani, na umenijibu mwenyewe. Mkunga ataondoka, na nyumba ya hospitali atatuachia."

Jamani, kuna watu! Mama wa watu amezalisha nusu ya mtaa, kustaafu kumekaribia, unamtoa kafara kwa sababu choo chako kinanuka? Dada Waya alikaa pale kiti kikimuuma. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba kisu kilikuwa chake. Neno lile alilichagua kwa mkono wake.

Kumfukuza mkunga mkuu kulihitaji idhini ya bodi, kwa hiyo mwenyekiti akaitwa. Mama Mwenyekiti alikuwa daktari mstaafu, mwanamke mrefu wa maneno machache, kavaa viatu vyeupe vya ngozi. Mkunga hakuitwa, ingawa habari zilikuwa zimeshamfikia. Dada Waya aliitwa kuthibitisha karatasi.

"Shikamoo mama," alisema, akakaa na kompyuta yake mapajani.

"Marahaba. Hii karatasi ni yako?"

"Ni yangu."

"Na mhusika ni mume wa mkunga?"

Bwana Marashi akadakia, "Imeandikwa hapo, mama. Mashine haina upendeleo."

Dada Waya alikuwa amejiandaa kueleza kwa adabu, tangu mwanzo mpaka mwisho, lakini adabu ikamtoka. "Basi tuiulize mashine kitu kingine," alisema. "Kwenye ukurasa huo huo kuna mtu anatusifia kila siku. Hospitali safi kuliko zote, mkurugenzi mchapakazi, Mungu amzidishie. Tumtafute na huyo, tumshukuru."

Akaingiza anwani. Jibu likarudi kabla Bwana Marashi hajamaliza kukohoa. Mtandao: hospitali hii hii. Mhusika: Bwana Marashi, na vyeo vyake vyote, maana siku ya kusajili alikataa katakata jina la fundi kuwekwa, alitaka lake.

Mama Mwenyekiti akavaa miwani. "Kumbe unajisifia mwenyewe?"

"Aka!" Bwana Marashi aliruka kimanga. "Hilo ni jina la usajili tu! Hospitali ina watu mia kadhaa, yeyote anaweza kuandika! Haliwezi kumaanisha ni mimi!"

Hata yeye alisikia alichosema, lakini maneno yalishatoka.

"Nashukuru kwa maelezo," alisema Mama Mwenyekiti, akamrudishia karatasi kwa ncha za vidole, kama unavyoshika soksi ya mtu. "Mkunga abaki kazini kwake." Akaanza kukusanya vitu vyake.

Dada Waya hakumngoja mtu. Alishuka ngazi mbio mpaka wodi ya wazazi kupeleka habari njema, na kwa kweli hakuwa ameikanyaga wodi ile tangu alipojifungua. Waya zake zilikuwa zinaishia kwenye kisanduku cha korido. Harufu ilimpokea mlangoni. Siyo harufu ya kusimulia. Mama mmoja mwenye kitoto kifuani alikuwa anaruka dimbwi jeusi kwenda kitandani, na mkunga, gauni amelikunja magotini, anasukuma maji kwa fagio.

"Mama, yamekwisha! Wameshindwa. Hawana ushahidi wowote kwamba ni nyinyi."

Mkunga hakuacha kusukuma. "Ni mimi."

"Nini?"

"Niliyeandika ni mimi. Kila nikimpelekea mzee chakula cha mchana, nakaa kwenye kompyuta yake, naandika."

"Sasa mama, mbona hukusema?"

"Nilisema. Nilimwendea mkurugenzi kwa miguu yangu, akanifukuza kama kuku. Ndipo nikaandika." Akaegemea fagio, akamtazama. "Mmeiuliza mashine ni nani. Hata wewe, mwanangu, uko ghorofa moja juu yangu. Kuna aliyekuja kuuliza choo kina nini?"

Dada Waya alitoa simu, akampigia Mama Mwenyekiti, ambaye alikuwa bado anasubiri gari lake getini.

"Samahani mama, kabla hujaondoka, pitia wodi ya wazazi. Na hivyo viatu vyeupe, tafadhali, viache mlangoni."