Sahihi za Bi Verdell

Serikali ilipofungwa ile Oktoba, Verdell Gaskins aliliona jambo lenyewe kwenye foleni ya kahawa. Duka alilouzia kahawa lilitazamana na ofisi kubwa ya takwimu ya serikali, hapo Washington, na asubuhi foleni ilikuwa ikifika mlangoni. Wabunge wakashindwa kukubaliana kuhusu bajeti, wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani bila mshahara, na Verdell akabaki kufuta kaunta isiyo na doa.

Hofu yake ilikuwa moja, wala haikuhusu Bunge. Kampuni yenye duka humfutia bima ya afya mfanyakazi ambaye saa zake za wiki zimeshuka chini ya kiwango. Mumewe, Roosevelt, nyonga ilikuwa imekwisha kabisa, ngazi za nyumbani akizipanda kwa kukaa kitako, na upasuaji ulipangwa Desemba kwa bima hiyohiyo.

Ndipo mkubwa wa kampuni, huko aliko upande wa pili wa nchi, akashikwa na uchungu wa taifa. Zikaletwa karatasi za kuliomba Bunge: fungueni serikali, lipeni watu, acheni kugombana. Kila mteja aombwe sahihi. Meneja, Trent, kijana anayetunza ndevu kuliko wengine wanavyotunza bustani, akatangaza kwamba duka litakaloongoza litakumbukwa.

"Litakumbukwa vipi, mwanangu?" Verdell aliuliza. "Kwa kuongezewa saa za kazi?"

"Makao makuu wanaona kila kitu, Bi Verdell."

Hilo jamani si jibu, lakini Verdell alisikia alichotaka kusikia.

Kanisani kwao yeye ndiye aliyepitisha sahani ya sadaka, glavu nyeupe mikononi, na kazi ile inataka mtu asiseme neno. Unasimama mwisho wa benchi, unanyoosha sahani, unatabasamu, huondoki. Basi akawafanyia hivyo watu wa kahawa. Karatasi hii hapa, kalamu hii hapa, na kikombe chako yeye ndiye anacho. Watu walisaini. Mpaka mtalii kutoka Ureno alisaini, akilitaka Bunge la Marekani lijirekebishe.

Bwana Haskell wa ofisi ya takwimu, kwa kukosa pa kwenda, alikuja kila asubuhi.

"Nimesaini jana, Bi Verdell."

"Jana ulisaini kwa hasira za jana, baba. Leo huna?"

Alisaini tena, kisha akakaa dirishani mpaka adhuhuri na glasi ya maji ya bure. Wenzake nao vivyo hivyo. Karatasi zilijaa, droo ya fedha ikapwaya.

Duka likaongoza jiji zima. Trent alimpiga Verdell picha, ikapelekwa makao makuu, pongezi zikarudi. Ratiba mpya ikabandikwa kando ya picha ileile, na zamu zake mbili hazimo; saa zilizobaki hazikufika kiwango cha bima.

"Siyo mimi," Trent alisema. "Inapangwa na kompyuta. Mauzo yameanguka."

"Sahihi haikuziona?"

"Inaangalia mauzo tu, mama."

Wiki hiyohiyo wabunge wakapatana. Serikali ikafunguliwa na, tazama mambo, watumishi wake wakaahidiwa mshahara wa siku zote walizokaa nyumbani. Bwana Haskell akarudi kuagiza kahawa kubwa yenye maziwa.

"Umetupigania sana," alimwambia. "Wewe je, uko salama?"

Verdell alivuta karatasi moja iliyosalia, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa mkono: Mrudishieni Verdell Gaskins saa zake. Haskell akasaini wa kwanza, na waliomfuata wakasaini bila kuombwa.

Trent akaja, akaichukua taratibu, macho chini.

"Samahani, Bi Verdell. Kampuni hairuhusu mfanyakazi kukusanya sahihi dukani. Watu wanakuja kunywa kahawa."

"Na zile zote nilizokusanya?"

"Zile zilikuwa za kampuni."

Akafungua droo, akatoa fomu ya onyo na kalamu.

"Saini hapa tu, kwamba nimekuambia."

Verdell alisaini, maana hizo zamu chache zilizobaki bado alizihitaji. Kisha akaenda stoo, akampigia Roosevelt simu, akamwambia amjulishe daktari kwamba Desemba hawataweza.