Binti Aliyechagua Historia ya Sanaa

Juzi nilikuwa kwenye steshenari moja mjini Kasulu, nikingoja kutoa kopi. Mbele yangu, binti kutoka kijiji cha Titye, aliyekuja na mama yake, alikuwa anajaziwa maombi ya chuo kikuu.

"Chaguo la kwanza?" akauliza mhudumu.

"Historia ya sanaa."

Mhudumu akaondoa mkono kwenye kompyuta. "Mdogo wangu, kwa ufaulu huu? Chukua sheria. Mama, mshauri mwanao."

Mama akamgeukia binti. "Huko unakwenda kusoma nini hasa?"

Binti hakubishana. Alichukua kikapu alichokipakata mama yake, akapitisha kidole kwenye mistari myeusi iliyopinda. "Kusuka hivi ulifundishwa na nani?"

"Na mama."

"Na yeye?"

"Nyina wake, kule Busunzu."

"Na aliyeanza kuipinda mistari hivi alikuwa nani? Alikuwa anawaza nini?"

Mama akakivuta kikapu karibu. Akaitazama ile mistari kama mtu anayeiona mara ya kwanza, na yeye mwenyewe ndiye aliyeisuka.

"Hayo ndiyo nataka kusoma, mama."

Mama akamgeukia mhudumu. "Andika hiyo hiyo. Akishajua, atakuja kuniambia."

Mhudumu akaandika.

Mimi nina shahada ya historia. Naweza kukutajia magavana wa Kijerumani kwa mpangilio. Lakini bibi yangu, aliyesuka kila kikapu cha nyumbani kwetu, alizikwa sijamuuliza hata swali moja.