Sahani ya Buluu ya Mama Josue

Nakumbuka Jumamosi ile kule Woolwich, na waliokuwepo naweza kuwataja wote bila ya kukosea. Alikuwepo Mama Josue, mwenye nyumba, Mkongo aliyekuja London kutoka Bukavu. Alikuwepo mwanawe Josue, kijana mrefu wa miaka kumi na tisa. Alikuwepo Bi Mwanaidi, mzee wa Kipemba, jirani yetu wa Thornton Heath, niliyemchukua anisaidie maneno. Na nilikuwepo mimi, na bakuli la halua mapajani. Ndugu yangu Nasor, aliyefanya kosa, hakuwepo. Mimi ndiye niliyemwacha nyumbani.

Mwanangu, wewe unayefunga begi la michezo kwenda chuoni, kaa kidogo nikuhadithie.

Wazee wetu walifariki nikiwa na miaka kumi na sita. Niliacha skuli, nikaanza kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao, na malezi ya Nasor, mdogo wangu, yakawa yangu. Nilimsemea kila pahala: kwa daktari, kwa mwalimu, kwa mwenye nyumba. Kila Jumapili asubuhi nilikaa kwenye benchi la ukumbi wa mazoezi, baridi inanila miguu, nimelikumbatia koti lake na chupa ya chai. Hata leo nikisikia viatu vya mpira wa kikapu vinavyolia kwenye sakafu ya mbao, moyo wangu unarudi kule. Zilikuwa siku nzuri zile, ingawa tulikuwa hatuna kitu.

Chuo kimoja cha hapa London kilipomchagua kwa ufadhili wa michezo, Bi Mwanaidi alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Kwenye majaribio ya wachezaji wapya Nasor akakutana na Josue, naye amechaguliwa. Wakawa hawaachani. Josue alikuja kwetu kila wiki, na kazi yao ilikuwa kuchekana Kiswahili.

"Weye unasemaka kama redio," Josue humwambia.

"Na wewe acha maneno, umekula sambusa kumi. Dada, zihesabu zilizobaki!"

Halafu ikaja siku moja, katika chumba cha kubadilishia nguo. Wachezaji wa zamani wakamtupia Josue ndizi miguuni, wakamwigizia mlio wa nyani. Mmoja wao akamshika Nasor bega, akamwambia, wewe si kama yeye, wewe Mwarabu. Nasor ni maji ya kunde, na bibi yetu mmoja alikuwa na asili ya Oman, basi. Lakini neno lile lilimwingia kama sukari. Akacheka. Na simu iliyokuwa ikirekodi ilikuwa mkononi mwake, na yeye ndiye aliyeituma video.

Kesho yake ilikuwa imeenea kila pembe. Watu tusiowajua wakatutukana, wengine wakamtetea kwa matusi mabaya zaidi. Chuo kikawasimamisha wachezaji wote waliohusika, kikasema ufadhili wa Nasor utaamuliwa na kamati.

Kwetu mtoto akikosa, mkubwa wake ndiye huenda kuomba radhi. Huchukua mtu mzima wa kusema, huchukua kitu cha kutia mdomoni, na mambo huisha barazani. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyofanya. Bi Mwanaidi alisonga halua, mimi nikaitia katika bakuli la marehemu mama, tukapanda basi na treni. Ila ndani ya mkoba nilikuwa na karatasi. Nilitaka Mama Josue aiandikie kamati kwamba amesamehe.

Bi Mwanaidi alisema maneno mazuri sana. Mama Josue akasikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza. Halafu akaniangalia mimi, si mzee wangu.

"Dada, ule mwenye alicheka iko wapi?"

"Yuko nyumbani. Anaona haya."

"Aone haya hapa. Na ile karatasi yenye inatoka mu mufuko? Ulikuya kuomba radhi ao ulikuya kuomba barua?"

Mwanangu, niliisukuma karatasi ndani ya mkoba. Bi Mwanaidi mwenyewe, ambaye habari ya karatasi sikumwambia, aliinamisha kichwa.

Ndipo Josue akasema, kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo. Alisema wale wengine aliwatarajia. Kilichomvunja ni kusikia nyuma ya simu kicheko anachokijua, kicheko cha mezani kwetu. Kisha akasema chuo kile harudi tena, akapanda ngazi kwenda chumbani kwake.

Mama Josue akalichukua bakuli akaliweka juu ya kabati. "Halua sikatale. Lakini bakuli itabaki hapa. Atakuya kuichukua yeye."

Niliporudi, Nasor aliniambia ameshaifuta video, na ameandika pole mtandaoni, na watu wameipenda. Nikamwambia, "Josue si mtandao. Na bakuli la mama liko Woolwich."

Ilimchukua wiki tatu. Kwanza alikwenda kwenye kamati akasema mwenyewe, bila ya kumtaja aliyemshika bega: nilirekodi, nilicheka, nilituma. Ufadhili ukaondoka. Kisha akaenda Woolwich. Josue hakushuka ngazi. Mama yake ndiye aliyemfungulia, akamkalisha, akamwacha alie. Nasor akarudi nyumbani na bakuli limejaa mikate ya kukaanga, limefunikwa kwa sahani ya buluu ya nyumba ile. Tuliokosa ndio tuliolishwa.

Sikiliza basi, mwanangu. Huko uendako kuna siku mtu atakushika bega akwambie wewe si kama yule. Hiyo si sifa, ondoa bega lako. Simu iweke mfukoni, nenda kasimame alipo mwenzako, siku ileile, kabla kicheko hakijatoka. Na ukikosa, usimtume mtu. Usinitume hata mimi. Nenda kwa miguu yako, mikono mitupu, na usiombe chochote ila radhi. Mungu akulinde ugenini, akupe pumzi ya kukimbia na uso wa kumtazama mtu, na wanaokula nawe wakukumbuke kwa wema.

Nasor sasa anafundisha watoto mpira wa kikapu, na kila mwaka humwandikia Josue. Nimesikia Josue yuko mji mwingine, anafanya kazi nzuri, mpira hachezi. Hajajibu, na si lazima ajibu.

Mimi nami radhi yangu sijaiomba, ile ya karatasi. Kwetu sahani ya watu hairejeshwi bila ya kitu juu yake, na kila nikifikiria nitie nini naona hakitoshi. Sahani ile ya buluu naipangusa kila Ijumaa, naiweka tena kabatini. Woolwich si mbali.